Siri ya The Ivy ni mtaa wake

Mwandishi wa makala niliyoisoma anasema The Ivy, mgahawa maarufu wa London, iliinuliwa na mastaa. Mimi naona iliinuliwa na kumbi za maigizo. Tazameni ramani: mgahawa uko West Street, ng'ambo tu ya kumbi za Ambassadors (iliyofunguliwa 1913) na St Martin's (1916). Waigizaji wakishavua mavazi ya jukwaani usiku, na njaa inawauma, meza ilikuwa hatua chache tu. Abel Giandellini alipoufungua mwaka 1917 ulikuwa mkahawa wa kawaida kabisa, hata kibali cha pombe haukuwa nacho. Mkuu wa wahudumu alikuwa Mario Gallati, ambaye baadaye alikwenda kuanzisha Le Caprice, mgahawa mwingine wa London, na makala inampa mstari mmoja tu! Jamani.

Halafu kuna yale madirisha ya vioo vya rangi. Wengi huyasifu kwa urembo, lakini faida yake kubwa ni kwamba aliye nje hamwoni aliye ndani. Kwa mtu anayewindwa na wapiga picha, hilo linazidi menyu yote (na menyu yenyewe, tuseme ukweli, inasifika kwa pai ya nyama iliyofunikwa na viazi vya kuponda).

Wafanyabiashara wa migahawa Chris Corbin na Jeremy King waliufufua mgahawa huo mwaka 1990, mfanyabiashara Richard Caring akaununua 2005, na tangu 2014 jina limesambazwa kwa matawi katika miji mingi ya Uingereza. Biashara nzuri, sikatai. Ila sasa staa agombanie meza ya West Street kwa lipi?