"Ni Uzee Tu" Si Matibabu ya Presha

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Busia, Uganda, bibi wa miaka 76, alirudi kutoka kituo cha afya na kadi iliyoandikwa presha ya 172 kwa 68. Mhudumu alimweleza kwamba namba ya chini ni nzuri, na ile ya juu ni uzee tu. Hakupewa dawa wala tarehe ya kurudi kupimwa. Nimekasirika.

Pengo hilo kati ya namba mbili, ya juu ikiwa presha moyo unapopiga na ya chini unapopumzika, ndilo lililopaswa kumshtua mhudumu. Kadiri umri unavyosonga, nyuzi za elastini, zinazonyumbuka, katika kuta za ateri kubwa (mishipa itoayo damu moyoni) hukatika, zile ngumu za kolajeni huongezeka, na mshipa uliokuwa ukitanuka kila moyo unapopiga hukakamaa. Namba ya juu hupanda huku ya chini ikishuka, na damu huyafikia ubongo na mafigo kwa kishindo ambacho zamani kilipunguzwa njiani. Matibabu yake yanajulikana tangu 1991, pale utafiti wa SHEP wa Marekani ulipowafuatilia watu 4,736 wa miaka 60 na zaidi, wote wakiwa na namba ya juu iliyopanda na ya chini iliyo sawa: walioanzishiwa klorthalidoni, dawa rahisi ya kuongeza mkojo, walipata kiharusi pungufu kwa 36%. Kwa wanaodhani kwamba miaka 80 imechelewa, mwaka 2008 utafiti wa HYVET ulionyesha vifo vikipungua kwa 21% kwa wazee wa umri huo waliotumia indapamidi, dawa ya aina hiyo hiyo, wengine wakiongezewa perindoprili, dawa nyingine ya presha.

Nakubali kwamba dawa hizi hushusha presha zaidi kuliko kuurudishia mshipa ulaini wake; alagebriamu, dawa ya kulainisha mishipa iliyotia matumaini mwaka 2001, haikufika madukani. Nakubali pia kwamba wapo wazee wanaopata kizunguzungu na kuanguka. Basi waanze na dozi ndogo, na wapimwe wakiwa wamekaa na wakiwa wamesimama. Chumvi nayo ipunguzwe.

Hata hivyo, kuwa mwangalifu ni jambo moja, na kumfukuza mgonjwa ni jingine. Ada katika vituo vya serikali ilifutwa mwaka 2001, lakini kabati lisilo na amlodipini, dawa ya kawaida ya presha, humpeleka mzee kwenye duka la dawa, ambako hununua vidonge vya siku chache na kuviacha vinapokwisha. Presha hii hutibiwa kila siku, maisha yote. Wilaya zihakikishe dawa zake hazikosekani katika vituo vya afya vya daraja la tatu, vile vya ngazi ya kaunti ndogo, na asiwepo mhudumu anayeruhusiwa kuandika 172 kwenye kadi ya mtu kisha akamuaga bila matibabu.