Fundi wa Pipa

Boti yetu ya faiba, yenye urefu wa futi 18 na injini ya mipigo miwili ya nguvu za farasi 15, ilikuwa na aibu moja tu: kila Jumapili tulipotoka Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam, kwenda kisiwa cha Mbudya, boti ya shemeji yangu, yenye injini ya aina ileile, iliiacha nyuma. Angenipita akanyamaza ningevumilia. Lakini alikuwa na desturi ya kupunguza mwendo, kunisubiri nimkaribie, kuniuliza habari za huko Kunduchi nilikotoka, kisha kuondoka tena.

Nikaamua kuiongezea injini mbio kwa mikono yangu. Kazi yangu ni uhasibu, na uhasibu umenipa imani isiyo na msingi kwamba kitu chochote chenye namba nakiweza.

Nilianza na hedi, yaani kifuniko cha silinda. Nilikuwa nimesikia kwamba hedi ikipunguzwa unene, nafasi ya kulipukia mafuta huwa finyu, mgandamizo hupanda na nguvu huongezeka. Maneno hayo ni ya kweli, ila mimi niliondoka kabla msemaji hajafika kwenye habari ya joto, ambalo nalo hupanda. Kijana wa mashine ya kukerezea kule mtaa wa Gerezani alinitolea nusu milimita, akafuta mikono, akauliza, “Nikuongezee kidogo, bosi?” kwa sauti ileile ya muuza nyama anayetaka kukuwekea na mfupa. Namshukuru Mungu kwamba nilikuwa nimebakiza nauli tu.

Alhamisi alasiri niliifunga injini kwenye mdomo wa pipa la lita 200 lililojaa maji, uani kwetu. Petroli nilikuwa nimeichanganya kwa uadilifu wa kihasibu, nusu lita ya oili kwa lita 25, wala hapo sikukosea hata tone. Nikavuta kamba, injini ikaitika, nikasimama nikiitazama ikitoa maji ya kupoozea kwa ule mshipi mwembamba ambao wavuvi husema injini inakojoa. Ingetosha kuishia hapo. Lakini nilitaka kuisikia ikifanya kazi, kwa hiyo nikaingiza gia.

Propela ndani ya pipa haina mahali pa kwenda, ila maji yanapo. Yaliinuka yote kwa pamoja, yakiwa yamekwisha kuchanganyika na moshi na oili kutoka kwenye ekzosi iliyozama humo, yakavuka ukuta na kutua juu ya kanzu ya jirani yetu Ustaadhi, iliyokuwa imeanikwa kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Kanzu ikawa kanga. Namaanisha yule ndege. Ustaadhi alichungulia juu ya ukuta, akaitazama kanzu, akanitazama mimi, akasema, “Jirani, mimi nilidhani bahari iko Kunduchi.”

Baada ya kuomba radhi na kulijaza pipa upya, niliiacha injini ikinguruma taratibu bila gia kwa robo saa, nikaizima na kufungua plagi. Zote mbili zilikuwa nyeusi na zimelowa oili. Nikafurahi sana, kwa kuwa najua plagi nzuri huwa na rangi ya kahawia, na nyeusi ni dalili ya petroli kuzidi hewa. Hesabu ikajipiga yenyewe: jeti kuu ya kabureta, yaani kitundu kinachopitisha petroli, ilikuwa kubwa mno. Nikanunua ndogo, nikaifunga, nikalala usingizi wa mtu aliyefunga mahesabu ya mwaka.

Jumapili tuliondoka na mpwa wangu, upepo wa kusi ukivuma, na nakiri kwamba kwa dakika kadhaa injini ililia vizuri kuliko siku zote, sauti nyembamba kama cherehani ya fundi mwenye haraka. Shemeji alikuwa mbele kidogo. Nikafungua mafuta yote. Ikaanza kusikika sauti ya misumari ndani ya kopo, na mpwa wangu akasema, “Mjomba, kuna kitu kinagonga.” Nikamwambia atazame maji ya kupoozea, naye akajibu kwamba inakojoa vizuri tu. “Basi ni nguvu hiyo,” nikasema. Injini ikapiga ukelele mmoja, ikanyamaza. Kamba ya kuwashia haikuvutika hata inchi moja.

Shemeji hakugeuka nyuma. Kusi likatuchukua kuelekea Bagamoyo bila nauli, mpaka ngalawa moja ikatufikia ikiwa na tanga lenye viraka. Nikamwamkia nahodha, mzee wa makamo ya babu yangu, naye akaitika marahaba, akauliza kwa upole, “Mwanangu, mmeipumzisha mashine au imewapumzisha nyie?” Alitufunga kamba, akatuvuta kwa tanga hadi Kunduchi, farasi 15 wakiwa wamelala fofofo nyuma yake. Faida pekee ya siku ile ni kwamba tuliokoa kiingilio cha hifadhi ya Mbudya.

Fundi alipoifungua alikuta pistoni ya juu imechunika na ringi zimeng’ang’ania, alumini imejipaka kwenye ukuta wa silinda. Akanieleza kwamba plagi iliyotoka kwenye injini inayonguruma taratibu ndani ya pipa lazima iwe nyeusi, na haisemi lolote kuhusu jeti kuu. Plagi husomwa baada ya kwenda mwendo wa mwisho baharini na kuzima ghafla. Kwa jeti yangu ndogo, kadiri nilivyofungua mafuta ndivyo petroli, ambayo ndiyo inayobeba oili, ilivyozidi kupungua mbele ya hewa, na hedi yangu ya Gerezani ikachochea moto. Pistoni ikavimba, ikashika.

Kisha tukaipindua boti ili aangalie propela. Kitako kilikuwa na ndevu za mwani zinazomshinda beberu, na magamba ya chaza ya kutosha kukwaruzia nazi.

“Shemeji wako injini yake ameifanyia nini?” fundi aliuliza.

Nilimpigia simu palepale. “Injini?” alishangaa. “Sijawahi kuigusa, shemeji. Mimi huwa naikwangua boti tu kila mwisho wa mwezi.”

Injini imerudishiwa jeti yake, na imepata pistoni na hedi nyingine. Ustaadhi nilimshonea kanzu mpya, naye amenisamehe. Lakini hadi leo nikionekana uani na spana mkononi, hata kama nakwenda kukaza bomba la jikoni, nguo zote za mtaa huanuliwa, zilizokauka na zisizokauka.