Acheni Watu Wapige Makofi

Juzi nilikuwa kwenye tamasha la okestra hapa Nairobi. Sehemu ya kwanza ya simfonia ilipokwisha, mama mmoja nyuma yangu akapiga makofi, makofi ya mtu aliyefurahi kweli. Vichwa vikageuka, maana utaratibu wa kumbi hizi ni kungoja sehemu zote za simfonia ziishe ndipo upige. Bwana mmoja mwenye tai akamtolea "shhh" iliyosikika kuliko makofi yenyewe. Mama akaficha mikono chini ya mkoba, na hakuitoa tena hata mwisho, wajuzi walipotoa kibali.

Na simfonia yenyewe ilikuwa ipi? Ile ya Mozart ya Paris! Kati ya zote arobaini na ushee, wamemwaibisha mtu kwenye ile ambayo mtunzi mwenyewe ametuachia ushahidi wa maandishi kwamba aliitunga akiwinda makofi.

Ushahidi ni barua kwa baba yake, ya tarehe 3 Julai 1778. Simfonia ilikuwa imepigwa hadharani Juni 18, sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Mozart, kijana wa miaka 22, anasimulia kwamba katikati ya sehemu ya kwanza alitia kipande alichojua lazima kiwapendeze. Kikawapendeza. Ukumbi ukalipuka muziki ukiwa bado unaendelea. Naye alishajua yatakayotokea, kwa hiyo alikuwa amekirudisha kipande hichohicho karibu na mwisho, wakalipuka tena. Sehemu ya mwisho ndiyo yenye ujanja zaidi. Alikuwa amesikia kwamba Paris sehemu za mwisho huanza kwa kishindo, vyombo vyote pamoja. Yeye akaanza na vayolini peke yake, kwa sauti ya chini, baa nane (baa ni kipimo kimoja cha mapigo ya muziki). Watu wakaambizana "shh!" (shh ya kutaka kusikia, si ya kumsuta jirani), mara okestra nzima ikaingia, nao wakapiga makofi palepale. Baada ya tamasha akaenda kula aiskrimu, akasali rozari aliyoiwekea nadhiri, akarudi nyumbani.

Kuna jambo kuhusu barua hiyo linalonikaba koo. Mama yake alifariki usiku uleule alioiandika, hukohuko Paris. Kwa baba aliandika tu kwamba mama anaumwa sana, ili mzee apate muda wa kujiandaa. Kijana amefiwa, yuko ugenini, na bado anasimulia makofi yalipigwa wapi na wapi. Halafu sisi tunaambiwa makofi ni ushamba.

Haydn, mtunzi wa Austria wa enzi hiyohiyo, naye alikuwa anatega mitego kabisa. Chukueni Simfonia namba 90, ya mwaka 1788. Doh ni C. Sehemu ya mwisho inakimbia, inafika nyumbani kwa mbwembwe, zinagongwa akodi (sauti kadhaa kwa pamoja) za kufunga, kimya. Kimya cha baa nne nzima! Yeyote mwenye damu mwilini atapiga makofi hapo. Kisha muziki unaanza upya, doh imepanda nusu toni, kana kwamba hakuna aliyesema kwaheri. Sasa ukumbi ukikaa kwa adabu, mzaha wote unakufa, zinabaki baa nne za watu kukohoa.

Wala si mizaha tu. Umbo la sonata lenyewe, yaani mpango unaofuatwa na sehemu nyingi za simfonia hizi, linamtaka msikilizaji anayeitikia. Mada ya kwanza kwenye doh ya nyumbani, ya pili, mara nyingi, kwenye doh mpya iliyokuwa soh, purukushani ya katikati, kisha kurudi. Sisi tuliolelewa na solfa kwenye kwaya tunaijua raha ya kurudi doh ya mwanzo baada ya kuhangaishwa. Mtunzi anakuahidi, anakuchelewesha, anakudanganya umefika, halafu anakufikisha kweli. Na baada ya yote hayo uketi kama uko kwenye mtihani? Mtu wa taarab, anayeinuka na noti mkononi kumtunza mwimbaji wimbo ukiwa katikati, angeelewana na Wafaransa wale bila mkalimani.

Mtasema muziki mtakatifu una heshima zake. Vienna, Machi 27, 1808, "Uumbaji" ya Haydn, utungo wa kwaya na okestra juu ya Mungu kuumba dunia, mtunzi Salieri akiongoza, Haydn mwenyewe dhaifu, kaingizwa ukumbini akiwa amebebwa kitini. Kwaya ilipofika "ikawa nuru", kwenye ile akodi kubwa ya C, watu wakashindwa kujizuia, makofi yakapigwa hapohapo. Mzee akanyoosha mikono juu kuonyesha kwamba imetoka huko. Hakumnyamazisha mtu. Na sehemu ya pili ya Simfonia ya Saba ya Beethoven, Desemba 1813, watu waliitaka irudiwe, ikarudiwa.

Kimya hiki cha kumbini kilikuja baadaye. Mendelssohn, mtunzi wa karne ya 19, aliagiza sehemu za Simfonia yake ya Kiskoti zifuatane bila kusimama, makofi yakakosa nafasi, na hiyo ni haki yake. Aliitunga hivyo.

Haya, nakubali: sehemu ya polepole ya Konseto ya Klarineti ya Mozart inaishia kwa pumzi, na anayekurupuka na makofi hapo ananiudhi hata mimi. Na ambaye simu yake inalia ukumbini, huyo ndiye hana mtetezi.

Lakini waandaaji, ule mstari wa "tafadhali msipige makofi kati ya sehemu" utoeni kwenye programu, au uwekeni siku za Mahler, mtunzi wa baadaye wa simfonia ndefu na nzito. Na mkitaka kupiga namba 90, tafuteni kwanza ukumbi uliojaa watu wasiojua utaratibu. Mkiwakosa, pigeni kitu kingine.