Matanga Yameanuliwa, Mimi Bado Namlilia

Juzi mtu ninayemheshimu sana aliniuliza, "Bado tu unamlilia mama?" Tulikuwa gengeni. Nilikuwa nimeshapimiwa mafungu mawili ya dagaa kama nilivyozoea, moja langu na moja la mama, ndipo nikakumbuka. Machozi yakanitoka mbele za watu. Imepita miezi 7.

Kuzika tunajua, hilo sikatai. Mama alipofariki, kabla mwili haujatoka hospitali turubai lilishafungwa, kina mama wanamenya vitunguu, daftari la rambirambi limefunguliwa. Usiku tatu watu walilala nami mkekani. Bila wao nisingesimama. Siku ya nne matanga yakaanuliwa, viti vikarudishwa, nikabaki na nyumba na kanga zake kwenye kamba.

Tangu hapo hakuna anayemtaja. Nikimtaja mimi, mazungumzo yanahamia kwenye mvua na bei ya sukari, au naambiwa, "Jikaze, kazi ya Mungu haina makosa." Jamani, sijamlaumu Mungu. Namkumbuka mama yangu! Nataka mtu aniambie alivyokuwa hashiki kijiko mpaka jirani apelekewe sahani. Mnadhani mkinyamaza mnanipunguzia uchungu, kumbe mnanifanya nimfiche mama kama deni.

Kazini nako, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa aliyefiwa na mzazi siku 4 zenye malipo. Kwa anayesafirisha mwili hadi kijijini, hizo zinaishia njiani.

Rafiki mwingine alinitumia zile hatua tano za majonzi (kukana, hasira, kujadiliana, huzuni na kukubali), akauliza nimefika ya ngapi. Daktari wa magonjwa ya akili, Elisabeth Kübler-Ross, alipoziandika mwaka 1969 alikuwa amewasikiliza wagonjwa wanaokikabili kifo chao wenyewe. Msinipimie kwazo.

Wapo ambao majonzi huwalemaza kabisa, na Shirika la Afya Duniani linahesabu hali hiyo kuwa ugonjwa ikipita miezi 6. Hao wapelekwe kwa wataalamu, tena mapema. Mimi nakula, naenda kazini, nalala. Namlilia tu.

Mwezi wa tano alikuja mama muuza mboga. Hakunipa pole. Aliweka mchicha kizingitini, akasema, "Mwanangu, mama yako alikuwa anachagua huu wa majani madogo, huo mwingine hataki hata kuuona." Nikamvutia kigoda. Akanisimulia habari za mama mpaka adhana ya magharibi.