Mtoto wa kilo tatu, sirinji ya mililita tano

Mwamshe mwanafunzi yeyote wa uuguzi saa tisa za usiku, muulize kanuni ya dawa za sindano, atakutolea kabla hajafikicha macho: dozi inayotakiwa, gawanya kwa dozi iliyopo, zidisha kwa ujazo. Hilo limeshawaingia vizuri na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na kinachofuata baada ya jibu kupatikana. Hicho hakiulizwi sana kwenye mitihani, na kwenye bajeti ndiyo kabisa hakimo.

Chukua mtoto mchanga wa siku tatu, kilo tatu, anayeshukiwa kuwa na maambukizi ya damu. Kile kitabu kidogo cha miongozo ya watoto cha Wizara ya Afya ya Kenya, tunachokibeba mfukoni mpaka jalada linang'oka, kinasema gentamisini, dawa ya kuua bakteria, miligramu 5 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Hiyo ni miligramu 15. Ampuli iliyopo, kile kichupa kidogo cha dawa kinachovunjwa shingo, imeandikwa miligramu 80 ndani ya mililita 2. Kumi na tano gawanya kwa themanini, zidisha kwa mbili, unapata mililita 0.375. Mwalimu anatia vema, mwanafunzi anafunga daftari.

Sasa vuta droo ya troli. Sirinji za mililita 5, boksi zima. Za mililita 10 zipo. Za mililita 1? "Zimekwisha, sista."

Kwenye sirinji ya kawaida ya mililita 5, kutoka mstari hadi mstari ni mililita 0.2. Kwa hiyo 0.375 inaangukia chini kidogo ya mstari wa pili, mahali pasipo na alama yoyote. Muuguzi anaiinua kwenye taa, anafumba jicho moja, anakisia. Akizidisha kwa nafasi ya mstari mmoja ameongeza miligramu 8, zaidi ya nusu ya dozi ya mtoto huyo, na gentamisini ni dawa inayojulikana kwa kuumiza figo na masikio. Akipunguza kwa nafasi hiyohiyo, dawa haitoshi kupambana na viini. Kwenye sirinji ya mililita 1 kila mstari ni mililita 0.01, yaani miligramu 0.4. Hata mkono ukitetemeka kidogo, tofauti ni ndogo mno.

Kwa maoni yangu, kuchagua sirinji ni sehemu ya hesabu yenyewe. Hospitali inayonunua saizi moja au mbili kwa sababu ndizo zinazopatikana kwa wepesi imeiacha hesabu njiani, halafu inamkabidhi nesi wa zamu ya usiku aimalizie kwa macho. Siku mambo yakiharibika, jina litakaloandikwa kwenye ripoti ni la nesi, si la mnunuzi.

Najua nitaambiwa muuguzi mzoefu atazimua dawa. Ni kweli, nami huzimua. Unavuta ampuli yote, unaongeza maji ya chumvi mpaka ifike mililita 8, sasa kila mililita ina miligramu 10, na mtoto wetu anahitaji mililita 1.5, ambayo sirinji ya mililita 2 inaipima mstarini kabisa. Lakini umeongeza hatua mbili, tena saa ambayo una watoto wengi na mikono miwili. Sirinji uliyozimulia usipoiandika, anayepokea zamu hajui kilichomo ni kikali au kimepunguzwa.

Halafu kuna jambo linalonitia hofu kuliko hilo. Ipo ampuli ya gentamisini ya watoto, miligramu 20 kwa mililita 2. Ujazo ni uleule wa ile ya wakubwa, maandishi madogo vilevile, nguvu mara nne tofauti. Aliyezoea kuvuta 1.5 kwenye ya watoto, siku bohari imeleta ya wakubwa naye akavuta 1.5 yake ya kila siku, ametoa miligramu 60 badala ya 15. Ndiyo maana agizo la "genta 1.5 ml" au "ampuli moja" kwenye chati hunipandisha mori. Madaktari wetu, na maafisa wa kliniki pia, andikeni miligramu. Mililita tuachieni sisi tulioshika ampuli na kuisoma.

Dawa za unga nazo zina mtego wao. Kichupa cha penisilini, ile wodini tunayoiita X-pen, ya uniti milioni moja, kina unga ambao ukiyeyuka unachukua nafasi ya takriban mililita 0.4. Kwa hiyo ukitaka mililita 2 kamili unatia maji mililita 1.6. Anayetia 2 anapata 2.4 na hana habari. Mtoto wa kilo 8 anayetakiwa uniti 400,000 anavutiwa mililita 0.8, chati inajazwa kwamba amepata zote, kumbe sehemu moja kati ya sita imebaki kichupani, na hivyo kila baada ya saa sita. Hapa, kusema haki, sirinji ya mililita 5 haina kosa, mstari wa 1.6 upo. Tatizo ni zile za mililita 10 zenye mistari ya nusunusu, na wanafunzi wanaofundishwa X-pen ubaoni bila kuona unga unavyoyeyuka.

Atesuneti ya malaria nayo kichupa ni kimoja cha miligramu 60, lakini ukiichoma kwenye mshipa unaizimua mpaka mililita 6 na kwenye msuli mpaka mililita 3. Uliza njia kwanza, hesabu baadaye.

Kwa wakubwa shida hugeuka upande wa pili, sirinji inakuwa ndogo mno. Mama mwenye kifafa cha mimba anatakiwa gramu 4 za magnesiamu salfeti mshipani. Dawa yenyewe ya asilimia 50 ni mililita 8, unaongeza maji mililita 12, jumla 20. Ukiwa na sirinji ya mililita 20 ni mchanganyiko mmoja, unaona kwa jicho kila kitu kimo. Ukiwa na za mililita 10 unagawa mara mbili, huku mama anatingishika na wenzako wanaita, na ni rahisi sana bomba moja likawa na dawa nyingi kuliko jingine. Insulini ndiyo iliyopata heshima yake, ina sirinji iliyochorwa kwa uniti, 100 kwa kila mililita. Ila ikikosekana watu hukimbilia sirinji ya kawaida ya mililita 1, na hapo uniti 10 ni mililita 0.1. Anayesoma vibaya akavuta yote amechota uniti 100.

Wakati mwingine vifaa vinapokwisha, jamaa wa mgonjwa hutumwa duka la dawa. Baba mmoja aliyevuka na feri kutoka Likoni alipewa kijikaratasi kilichoandikwa "sindano" basi. Akarudi anahema.

"Sista, nimeleta tano."

Nikashukuru, nikafungua mfuko. Ilikuwa moja, ya mililita tano. Muuzaji alimuuliza anataka kubwa au ndogo, naye, maskini, akafikiri akajibu, "Mtoto ni mdogo, lakini nipe ya kati." Huwezi kumlaumu. Aliyeandika kijikaratasi ndiye aliyeacha saizi.

Sasa toka wodini uende chumba cha chanjo, pengine ni mlango wa tatu tu kwenye jengo hilohilo. Hapo hakuna anayefumba jicho. BCG, chanjo ya kifua kikuu, ya mtoto mchanga ni mililita 0.05 na ina sirinji yake ya 0.05. Pentavalenti, chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja, ni mililita 0.5 na sirinji yake inaishia 0.5, ukishachoma inajifunga, haitumiki tena. Haya hayakuja kwa bahati. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, walitoa tamko la pamoja kuhusu sirinji za kujifunga, na utaratibu ukawa kwamba chanjo hutolewa pamoja na sirinji zake na masanduku ya kutupia. Nesi wa chanjo na nesi wa wodi ya watoto wachanga wamesoma chuo kimoja, hesabu moja. Mmoja amepewa kifaa kinachomaliza hesabu.

Kwa nini gentamisini ya watoto isije na sirinji za mililita 1 namna hiyohiyo? Sikubali jibu la kwamba ni vitu vya kuagizwa ng'ambo. Sirinji zinatengenezwa hapo Kilifi, mtu akitoka Nyali asubuhi anafika kabla ya chai ya saa nne. Wala sidai sirinji za kisasa za kila aina. Kwingi nilikopita, dawa huagizwa na mtu mmoja na vifaa na mwingine, kila mmoja na fomu yake, na hakuna siku fomu hizo zinalazwa meza moja. Ningeanzia hapo, safu moja tu ya kuongeza mbele ya kila dawa ya sindano: gentamisini, 1 ml; X-pen, 2 ml; magnesiamu, 20 ml. Na anayeijaza awe ni muuguzi kiongozi wa wodi husika, tena aijaze akiwa amesimama mbele ya droo iliyo wazi.