Matende na Mabusha Kusini: Tumehesabu Vidonge, Tuhesabu na Mashimo

Mjadala wa kumaliza matende na mabusha, ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na mbu, katika mikoa ya Lindi na Mtwara, umezoea kuzunguka kwenye kidonge: nani amekimeza na nani amekikataa.

Wanaoitetea kingatiba, yaani kuwagawia dawa wakazi wote bila kusubiri waugue, wana hoja nzito. Dawa zake, Mectizan na albendazoli, hutolewa bure na watengenezaji, mgawadawa wa kijiji huzifikisha nyumba kwa nyumba, na hakuna haja ya kusubiri bajeti ya mitaro. Shirika la Afya Duniani linataka angalau watu 65 kati ya kila 100 wameze kila mwaka, kwa miaka isiyopungua 5, na panapofikiwa kiwango hicho maambukizi hushuka sana.

Hata hivyo, dawa hizo huua zaidi vimelea vichanga vilivyomo katika damu, ilhali mnyoo mkubwa huweza kuishi miaka 6 hadi 8 akiendelea kuzaa. Mvuvi aliyekuwa dago, kwenye kambi ya uvuvi, siku ya ugawaji, au kibarua aliyehamia kwenye mikorosho, hubaki na vimelea vyake, na kazi iliyosalia huifanya mbu. Mjini, mbu huyo ni Culex, anayezaliana katika mashimo ya vyoo yaliyojaa maji, makaro yaliyo wazi na mitaro iliyoziba. Anayelala jirani na shimo hilo mara nyingi ni mpangaji wa eneo la bondeni, asiye na mamlaka ya kulifukia wala fedha za kulijenga upya. Kumwambia ameze dawa kila mwaka, huku shimo likiachwa lilivyo, ni kumtwika peke yake mzigo ambao si wake.

Ushahidi haupo mbali. Mwaka 1988, huko Makunduchi, Unguja, wakazi walipewa dawa, na papo hapo chembe za plastiki nyepesi zikamwagwa katika mashimo yenye maji, zikaelea na kufunika uso wote, hata viluwiluwi vya mbu vikakosa pa kupumulia. Kabla ya hapo, karibu watu 49 kati ya 100 walikuwa na vimelea katika damu. Baada ya miaka 5 walibaki kama 3 kati ya 100. Katika mji mwingine uliopewa dawa bila kushughulikia mbu, vimelea vilianza kurudi. Nauona ulinganisho huu kuwa wa uzito mkubwa, kwa sababu kilichotofautisha miji hiyo ni kile kilichofanywa chooni.

Ni kweli kwamba vijijini ugonjwa huenezwa pia na mbu aina ya Anofelesi, ambaye hupenda maji safi ya madimbwi na mashamba ya mpunga. Huko chandarua kitafaa kuliko chembe za plastiki. Lakini kwa miji ya Lindi na Mtwara, taarifa ya ugawaji dawa inapaswa kuonyesha, kando ya idadi ya waliomeza, idadi ya mashimo yenye maji katika kila mtaa, na mwenye nyumba aulizwe kama anavyoulizwa aliyekataa kidonge.