Otofajia Si Sabuni ya Mwili

Siku hizi kila anayeuza ratiba ya kufunga mtandaoni ana neno moja mdomoni: otofajia, yaani seli kuvunja vitu vyake yenyewe na kuvitumia upya. Utaambiwa ukikaa saa 16 bila kula, seli zako zinaanza kujisafisha, sumu inatoka, saratani inakufa njaa na ujana unarudi. Kuna hata michoro inayotaja saa kamili shughuli hiyo inapoanza. Sina ugomvi na anayefunga, iwe kwa ajili ya dini au kupunguza uzito. Ugomvi wangu ni na hiyo saa, na zaidi ni na dhana kwamba kadiri seli inavyojila ndivyo mwenye seli anavyozidi kuwa mzima.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanasayansi Yoshinori Ohsumi akiwa Tokyo alichukua seli za hamira zilizokosa vimeng'enya vya kuvunjia protini ndani ya vakuoli, yaani chumba cha seli cha kuvunjia vitu, kisha akazitia njaa. Hesabu yake ilikuwa rahisi na ya kijanja: kama kuna mzigo unaopelekwa kwenye vakuoli ukavunjwe, basi wavunjaji wasipokuwepo mzigo utarundikana na utaonekana. Baada ya saa chache, kwa darubini ya kawaida tu, vakuoli zilikuwa zimejaa vifuko vidogo vinavyochezacheza humo ndani. Kila kifuko kilikuwa na kipande cha seli yenyewe. Akaanza kuzisaka jeni zinazoendesha kazi hiyo, na mwaka 2016 akatunukiwa Nobel.

Tazama vizuri alichokiona. Ni seli yenye njaa inayovunja vitu vyake ili ipate malighafi ya kuendelea kuishi. Usafi upo, naam, kwa sababu vinavyovunjwa ni pamoja na protini zilizoharibika na mitokondria (mitambo ya nishati ya seli) mbovu, lakini chanzo chake ni njaa. Ndiyo maana panya waliozaliwa bila jeni iitwayo Atg5, inayohitajika kwa otofajia, walikufa siku ileile au iliyofuata: kondo la nyuma limekwisha kukatika, maziwa hayajatosha, na hawana akiba ya kujila.

Na zile saa chache zilikuwa za hamira. Kwa binadamu aliye hai, ini lina mwendo wake na misuli ina wake, na hospitalini hakuna kipimo cha kawaida cha damu wala mkojo cha kukuambia otofajia yako imepanda leo saa kumi alasiri. Anayekutajia saa anakuuzia saa.

Kinachoniudhi hasa ni habari ya saratani. Ni kweli seli nzima inayojisafisha vizuri ina nafasi ndogo ya kugeuka saratani. Lakini uvimbe ukishakua, mchezo unabadilika. Katikati ya uvimbe damu haifiki vizuri, chakula na oksijeni ni haba, halafu dawa zinamiminwa. Seli za humo zinaponea nini? Zinaponea otofajia. Kwa hiyo watafiti wamekuwa wakiwajaribia wagonjwa haidroksiklorokwini, dawa ya zamani ya malaria inayozuia lisosomu (chumba cha kuvunjia vitu katika seli zetu, kama vakuoli ya hamira) kufanya kazi, pamoja na dawa za saratani, ili kuiziba njia hiyo. Yaani mtandaoni unaambiwa uichochee, na huku kwenye majaribio madaktari wanahangaika kuizima.

Kifo cha seli nacho kinaeleweka kinyumenyume. Watafiti Kerr, Wyllie na Currie walipokipa jina la apoptosisi mwaka 1972, walikuwa wameona seli zinazokufa kwa utaratibu: seli inanywea, DNA inakatwakatwa, utando unatoa malengelenge, kisha inagawanyika vipande vilivyofungwa vizuri. Utando unageuza nje mafuta ambayo kwa kawaida hukaa ndani, na seli walaji zikiyagusa zinajua hapa pana cha kula. Hakuna kinachomwagika, hakuna kuvimba wala homa. Vidole vyako vimeachana kwa sababu seli zilizokuwa katikati yake zilikufa hivyo ukiwa tumboni. Mnyoo C. elegans hutengeneza seli 1,090 za mwili na 131 kati ya hizo hufa, zilezile, kila mara. Ukiacha mayai na mbegu, hesabu haibadiliki.

Ugonjwa unakuja pale utaratibu huo unapokosewa, na unaweza kukosewa pande zote mbili. Katika limfoma ya folikuli, aina ya saratani ya seli za kinga, protini ya Bcl-2, inayozuia seli kufa, inazidi na seli zinagoma kufa. Dawa ya venetoclax, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa aina fulani ya saratani ya damu, kazi yake ni kuibana Bcl-2 ili seli zife. Katika ugonjwa wa Parkinson, unaoleta kutetemeka na mwendo mzito, mambo ni kinyume: seli za ubongo zinazotoa dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo, zinakufa mno. Wenye hitilafu za kurithi kwenye jeni za PINK1 na Parkin, zinazotia alama mitokondria mbovu ili ziondolewe, hupata ugonjwa huo mapema.

Tena Bcl-2 hiyohiyo hushika protini nyingine, Beclin 1, inayohitajika kuanzisha otofajia. Mkono mmoja umeshika hatamu mbili. Sasa mtu anapoahidi kuongeza hili na kupunguza lile kwa kikombe cha chai na ratiba ya kula, namuuliza: kwenye seli zipi, za nani, na ugonjwa umefika wapi?

Wengi hawataumia kwa kuruka kifungua kinywa. Wasiwasi wangu ni kwa mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini, aliyesoma kwamba saa 24 bila kula zitamfanyia seli zake ukarabati. Akidunga dozi ileile na asile, sukari itashuka na anaweza kuzimia kabla hajapata wa kumwuliza. Huyo azungumze na daktari wake kwanza, ratiba ya mtandaoni isubiri.